Bibi Hakusahau

Jumatatu, 24 Mei 1971

Sijamwambia mtu, na sidhani kama nitamwambia: leo nimemfanya bibi yangu aamini kwamba amesahau jambo ambalo hakulifanya kamwe.

Naandika kwa lugha ya shule. Humu ndani hakuna mwingine anayeiweza. Baba alisomeshwa Kijapani enzi zile Wajapani walipotutawala, Kaka Boksui aliacha shule kabla haijamkaa, na Bibi hajui kusoma chochote isipokuwa nyuso za vikaragosi. Hata hivyo nimekaa nikiutazama mlango, na kila kitu kikilia nafunika daftari kwa mkono.

Jana jioni kundi letu la vikaragosi vya mkononi lilicheza mbele ya hekalu la mungu wa ardhi, upande wa kiwanda cha sukari. Mvua ikashuka katikati ya onyesho la vita. Watazamaji wakakimbia, lakini Baba hakukatisha, maana mchezo ni wa mungu, na mungu hakukimbia. Turubai likavuja. Vikaragosi vikarudi nyumbani vimelowa mpaka ndani ya mikono ya nguo zao.

Asubuhi Bibi alivitundika kwenye mianzi ya sebuleni, kama afanyavyo kila baada ya mchezo. Kila kimoja kina kitanzi kwenye pindo, kwa hiyo vinaning'inia vichwa chini, na Bibi huzigeuza nyuso zielekee mlangoni. Anasema vikizoea kutazama ukuta vitasahau watu.

Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba saa kumi na moja Mwalimu Shen anakuja. Anazitembelea nyumba za wanafunzi wake wote kabla muhula haujaisha. Yeye katoka bara, ng'ambo ya bahari, hajui hata neno moja la kwetu, na anaposoma darasani mimi hutamani sauti yake itoke kooni mwangu. Mwaka jana alipouliza kazi za wazazi wetu, nilisimama nikasema baba yangu anafanya biashara ya mbao. Vichwa vya vikaragosi huchongwa kwa mti wa kafuri. Nilijiambia huo si uongo mtupu.

Nilifika nyumbani saa kumi. Baba na Kaka walikuwa mji wa Tuku kupatana habari za jukwaa. Bibi alikuwa uani anawakatia bata majani ya viazi. Nikasimama mlangoni, nikaitazama sebule yetu kwa macho ya mwalimu. Majemadari vichwa chini. Mabibi harusi vichwa chini. Mchekeshaji mwenye meno mawili ananikenulia. Maji yanadondoka kwenye beseni, na harufu ya nguo mbichi imechanganyika na ubani.

Nikaviangua vyote. Sikutia karatasi shingoni, sikufunga nyuso, sikuchana ndevu. Nikavirundika sandukuni kama nguo chafu, nikabana kifuniko kwa goti, na kufuli likajifunga lenyewe. Ufunguo hukaa kiunoni mwa Bibi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sitaweza kulifungua tena bila kuomba.

Bibi alikutana na mwalimu getini akamwingiza kwa kumshika mkono, akiongea mfululizo.

"Pita mwanangu, pita. Mbona umekonda hivi, hiyo shule haiwapi chakula?" Kisha akaiona mianzi mitupu. "We Tsaiha! Watoto wangu wako wapi?"

"Bibi anasemaje?" mwalimu akaniuliza.

"Anauliza kama umekula," nikajibu kwa lugha ya shule.

"Nimekula, asante sana, Bibi."

"Tsaiha, nasema na wewe. Nani kawaangua?"

Nikamjibu kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo: "Si wewe mwenyewe, Bibi? Mchana. Umesahau?"

Macho yake yalirudi nyuma, yakapekua, yakarudi mikono mitupu.

"Mimi?"

"Ndiyo. Uliwagusa, ukasema wamekauka."

Hilo la pili sikulazimika kulisema. Lilitoka lenyewe, tena kirahisi.

Bibi akajipiga kofi dogo kwenye paji la uso, akacheka. "Basi kichwa kimeanza kuvuja kama turubai la baba yako. Mwambie mwalimu, angewahi ningempa jemadari wetu Guan Gong amvae mkononi mwake."

"Bibi anasema chai yetu si nzuri, uvumilie," nikatafsiri.

Mwalimu akacheka kwa adabu. Bibi naye akacheka. Kila mmoja alidhani mwenzake kamwelewa.

Jumanne, 25 Mei

Mvua. Sikusema.

Jumatano, 26 Mei

Nilijaribu. Bibi alikuwa anachambua figili za chumvi, nikamkalia karibu.

"Bibi, tuvitoe vikaragosi vipate hewa kidogo."

"Hewa ipi? Hii hewa ya leo ukiikamua unajaza ndoo. Si ulisema nilivigusa vikawa vikavu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi huko ndani ndiko kwenye ukavu kuliko kote. Na Guan Gong keshalala, Tsaiha. Wajua desturi."

Najua. Guan Gong wetu, jemadari aliyefanywa mungu, mwenye uso mwekundu na ndevu mpaka tumboni, hulala juu ya wenzake wote, na akishalala sanduku halifunguliwi mpaka mkesha wa mchezo, kwa ubani. Kwetu ndivyo, tangu babu. Mchezo ujao ni wa siku yake mwenyewe ya kuzaliwa, tarehe tano Juni.

Alipokuwa akisema "keshalala" nilikumbuka kwamba mimi nilimtupa kifudifudi chini ya mchekeshaji.

Ijumaa, 28 Mei

Sikukuu ya mashua za joka. Mvua imezuia mashindano mtoni. Tumekula wali wa kunata wa kufungia majani ya mwanzi mpaka Kaka akalegeza mkanda.

Bibi alifunga mafungu kwa mikono ile ile inayofunga nyuso za vikaragosi, kunja, kunja, zungusha, kaza. Akaniambia, kama mtu asimuliaye kichekesho, "Juzi niliangua kundi zima na sikumbuki hata kidole kimoja cha kazi hiyo. Wewe ukizeeka utakuwa na nani wa kukukumbusha?"

Kaka akadakia, "Atakuwa Taipei, Bibi, ana mtumishi wa kumkumbusha. Huyu si wa kufungia watu wali."

Wakacheka. Ningeweza kusema pale pale, midomo yote imejaa. Nikaomba fungu lingine, na wala sikuwa na njaa.

Jumapili, 30 Mei

Nimepita karibu na sanduku nikavuta pumzi. Kafuri tu. Nimefurahi kwa saa nzima.

Jumanne, 1 Juni

Si kafuri tu.

Alhamisi, 3 Juni

Yuehua, tunayekaa naye dawati moja, kanisubiri nje ya geti la shule, mahali ambapo mtu anaweza kusema lugha ya nyumbani bila kuvishwa kibao cha adhabu shingoni. Mimi nimewahi kukivaa. Niliona mvua dirishani nikaitaja kwa jina lake la kwetu, basi.

"Kesho kutwa baba yako anacheza, eh? Sisi tutabaki na televisheni. Vikaragosi vyenu ni vidogo, hata uvae miwani ya babu yangu huvioni."

"Usije basi."

"Mama anakuja. Anasema Guan Gong wa kwenu humtazama mtu aliyetenda kosa mpaka anatoka jasho. Mimi nikamwambia ni joto."

Ijumaa, 4 Juni

Leo sanduku limefunguliwa.

Baada ya kula mchana Baba alioga, akavaa shati safi, akawasha ubani mbele ya mungu wa kundi letu pale kwenye kabati la sebuleni. Bibi akafungua kufuli. Yeye ndiye huinua kifuniko siku zote.

Harufu ilitoka kwanza. Mchekeshaji alikuwa juu. Shavu lake moja lilikuwa na manyoya ya kijani. Bibi akamweka pembeni. Bi harusi wa pili, rangi ya paji la uso imevimba kama ngozi iliyoungua. Gundi ya ndevu za waziri imeachia, ndevu zimebaki kwenye nguo ya mtu mwingine. Kisha chini kabisa, kifudifudi, Guan Gong. Bibi alipomgeuza, nusu ya wekundu wa uso wake ilibaki kwenye ubao wa sanduku.

Kaka Boksui alisema tusi ambalo sitaliandika. Baba aliketi kwenye kiti cha mwanzi na maji ya kuoga bado yanamtiririka shingoni. Uso ule ulipakwa rangi na rafiki wa babu, tabaka juu ya tabaka, kabla Baba hajazaliwa.

"Mama," hatimaye akasema, "ulivifunga vibichi?"

Bibi alikuwa amekishika kichwa cha Guan Gong, amekitia kidole shingoni kama kawaida. Akakitoa kidole, akachungulia ndani. Akachukua kichwa kingine, akachungulia. Na kingine. Nilijua anachotafuta. Katika maisha yake yote hajawahi kulaza kikaragosi bila karatasi ya kukunja shingoni, ya kunyonya jasho la mchezaji.

Nikawaza: ameona. Sasa atajua. Mikono yake haijawahi kufanya kazi ya hivi, atageuka, ataniuliza. Na nilitaka aniulize. Naapa nilitaka.

"Hata karatasi sikutia," Bibi akasema. "Hata nyuso sikufunga." Akaitazama mikono yake, kwanza ndani, kisha nje. "Basi hii mikono si yangu tena."

Baba akainuka. Nadhani hakutaka kuamini, ndiyo maana akataka kumuuliza mungu. Akavichukua vile vipande viwili vya mti, vyenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa na upande mwingine mviringo. Akapiga magoti, akasema majina yetu na mtaa wetu, kisha akasema: "Kama ni mama yangu aliyevifunga vibichi, nionyeshe."

Akatupa. Kimoja bapa, kimoja mviringo. Ndiyo.

Akatupa tena. Vyote bapa juu, vikayumba. Mungu anacheka. Kaka akanong'ona, "Kucheka si kukataa."

Mara ya tatu. Kimoja bapa, kimoja mviringo.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao nimeshika beseni, nimeikaza mikono beseni lisilie. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejiambia kwamba vikianguka "siyo" nitasema hapo hapo. Vilipoanguka "ndiyo" nilifarijika, na faraja ile ndiyo inayonitia haya kuliko hata uongo wenyewe. Maana sasa nikisema, nitakuwa nasema kwamba mungu wetu naye kakosea.

Bibi akapiga magoti pale alipokuwa Baba. Magoti yake ni mabovu, alishuka kwa vituo. Akagusa sakafu kwa paji la uso akasema, "Nimezeeka, usiwaadhibu watoto."

Mimi ndiye niliyemwinua. Akanishukuru.

Jumamosi, 5 Juni

Guan Gong hakwenda kwenye sikukuu yake. Baba alitembea mwenyewe mpaka kwa Mzee Khoo, ambaye kundi lake na letu hayajasalimiana tangu babu, akaazima Guan Gong wa Mzee Khoo.

Mzee Khoo hakuja kutazama tu, alikuja na kiti chake, akakaa mbele. Kila Guan Gong akitoka alisema kwa sauti, "Polepole huyo, hajazoea mikono ya njaa!" Watu wakacheka. Baba aliendelea kucheza. Kwa nyuma ya jukwaa, ambako mimi huwapokeza vikaragosi, niliona mkono wake uliovaa Guan Gong ukiegemea ubao kwa kiwiko, lakini juu, kichwa cha Guan Gong kilitulia.

Bibi alibaki nyumbani. Hajawahi kukosa siku hii.

Jumatatu, 7 Juni

Kila mchezo ukiisha Bibi hutupangia nani alale wapi: wanawake chini, majemadari juu, maadui wasitazamane. Leo asubuhi alikaa kwenye kizingiti akituacha tufanye. Baba akamwita.

"Mama, ule ufunguo."

Aliufungua kutoka kiunoni. Uzi wake ulikuwa umekaa pale muda mrefu hata kanzu yake ina alama. Nikadhani Baba atauvaa yeye au atampa Kaka.

"Tsaiha ana macho mazuri," Baba akasema. "Na hasahau. Huyu namwamini."

Bibi mwenyewe ndiye aliyenifunga. Aliukaza uzi, akaujaribu kwa kidole kama hautanibana. "Ukipiga chafya utakuambia upo," akasema. "Utauzoea."

Nina ufunguo.

Alhamisi, 10 Juni

Mvua ya kutwa. Nyumba ilikuwa tupu saa tisa mchana, nikapiga magoti mbele ya kabati, nikavishika vile vipande. Nikasema jina langu, lile la nyumbani. Nikasema, "Kama ni mimi, nionyeshe."

Vyote bapa. Anacheka.

Nikarudia. Anacheka.

Mara ya tatu vyote viwili vikaanguka kifudifudi, mviringo juu. Siyo.

Nilikaa pale mpaka mkeka ukanichora mistari magotini. Nimewahi kufikiri mungu hajui. Nimewahi kufikiri anajua na ananificha. Leo nilichoona ni vipande viwili vya mti sakafuni, na mimi nikivisihi viseme badala yangu.

Jumanne, 15 Juni

Bibi anabadilika, na si uzee.

Zamani alikuwa anatia chumvi kwenye mboga bila kutazama. Sasa anatia, anasimama, ananiita. "Tsaiha, nimeshatia?" Nikisema ndiyo, anaonja, kisha bado ananitazama, kana kwamba ulimi wake nao unaweza kumdanganya. Amefunga uzi mwekundu kidoleni wa kumkumbusha bata, na mwingine wa kumkumbusha ubani. Jana aliuona ule wa bata hakukumbuka ni wa nini, akalia jikoni. Mwezi uliopita alikuwa anawalisha bata hao hao kwa kusikia tu kelele zao.

Kaka alimtania, "Bibi, vidole vitaisha, utaanza vya miguu." Zamani angemrushia kandambili. Leo alisema, "Kweli, mwanangu," akavificha vidole ndani ya mkono wa nguo.

Mimi ndiye niliyemweka hapo. Sikumpokonya kumbukumbu, nilimpokonya imani nayo.

Jumamosi, 19 Juni

Mwalimu Shen aliniita mezani kunisahihishia insha. Sijui nini kilinisukuma, nikamwambia, "Bibi anakusalimu."

"Bibi yako?" Akaweka kalamu chini, akajitahidi kukumbuka. "Ah. Nyumba yenu ni ile yenye bata?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Nimetembelea nyumba nyingi mno mwaka huu," akasema, akaendelea kusahihisha.

Jumatano, 23 Juni

Shangazi amekuja kutoka Kaohsiung na maembe na mwavuli mpya. Waliongea sebuleni, mimi nikiwa chumbani, ukuta wetu ni wa mianzi na udongo.

Shangazi: "Si adhabu, ndugu yangu. Mama akikaa kwangu kuna daktari karibu. Hapa mtamkuta siku moja kaacha jiko linawaka."

Baba: "Hajawahi kuacha jiko."

Shangazi: "Hakuwahi pia kufunga vikaragosi vibichi."

Baba: "Atakaa na nini huko? Huko hakuna cha kutundika."

Shangazi: "Atapumzika."

Bibi alikuwa pale pale katikati yao muda wote. Nilimsikia mara moja tu. "Nitakwenda. Ila msije mkalifungua sanduku bila kupangusa kifuniko kwanza, vumbi huingia ndani." Kisha, kwa sauti ndogo: "Au nilishawaambia?"

Safari ni Jumapili ya kwanza ya Julai, shule ikishafungwa.

Jumapili, 27 Juni

Nilimfuata Baba uani, anakwangua uso wa Guan Gong kwa kipande cha kioo ili upakwe upya.

"Baba."

"Mm."

"Bibi asiende."

"Hata mimi sitaki." Hakuinua macho. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa kwenye kucha. "Lakini unaona mwenyewe alivyo. Wewe ndiye uliye naye siku nzima. Anazidi au hazidi?"

Swali lilikuwa wazi kama mlango. Na jibu la kweli la swali lile lilikuwa: anazidi. Nikasema, "Anazidi."

Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kudanganya kwa neno la kweli. Mimi nimefanya hivyo leo, mbele ya Guan Gong asiye na uso.

Jumanne, 29 Juni

Bibi alinijia na sauti ya mgeni.

"Mwenye funguo, hujambo? Una nafasi?"

"Bibi, usiniite hivyo."

"Nataka nimwone bi harusi wa pili tu. Sitagusa. Wewe mshike, mimi nitatazama."

Nilifungua. Alikaa juu ya mikono yake, kweli, aliikalia kabisa. Nikamvaa bi harusi mkononi, akainama, akainua mkono wa nguo, akaficha uso wake kama afanyavyo kwenye mchezo. Bibi alitikisa kichwa. "Shingo imemlegea. Wewe humwekei karatasi?"

"Nitaweka."

"Weka. Usije ukawa kama mimi."

Ijumaa, 2 Julai

Shule imefungwa. Nimekuwa wa pili darasani. Baba amewaambia majirani wote.

Jumamosi, 3 Julai

Redio inasema tufani iko upande wa Ufilipino, labda itapinda. Mzigo wa Bibi umefungwa kwa kitambaa cha maua: kanzu zake za kubadili, dawa ya magoti, picha ya babu. Nimemwona akifungasha karatasi laini, zile za kufungia nyuso. Kisha akazitoa akazirudisha kabatini, maana huko hakuna nyuso.

Jumapili, 4 Julai

Treni ni ya saa saba mchana. Sasa ni asubuhi na tangu alfajiri Bibi anazunguka nyumba akiaga. Kaaga bata. Kaaga mtungi wa figili. Mvua imeacha, na leo kwa mara ya kwanza tangu Mei kuna jua la kweli, basi nimefungua sanduku bila kuomba ruhusa kwa mtu nikavitundika vyote kwenye mianzi ya sebuleni. Kila kitanzi kwenye msumari wake. Kila uso mlangoni. Guan Gong ana rangi mpya, anang'aa kupita kiasi, kama mtu aliyetoka kunyolewa. Mchekeshaji bado ana alama shavuni, Baba kasema tuiache.

Nimerudi chumbani kuandika kwa sababu nilidhani nitaandika kwanza ndipo nipate nguvu. Nimezisoma kurasa za nyuma. Kila mahali naona kwamba niliusikia mlango nikafunika, nikasikia kikohozi nikafunika. Mara ngapi nimeficha daftari hili chini ya mto Bibi alipoingia kuniletea uji? Naye hajui kusoma hata herufi moja. Angeweza kulishika, kulipindua, kulinusa, na bado asijue kitu. Nimeandika uchafu wangu wote kwa lugha ambayo nyumba nzima haiiwezi, nikaiita hiyo kuungama.

Nilichokuwa namficha hakimo humu. Kimo mdomoni, kwa lugha ile niliyovishwa kibao kwa ajili yake, na kwa lugha hiyo hiyo nilimwambia "umesahau". Hakuna vipande vya mti vya kukisema. Baba huenda asinitazame tena kama alivyonitazama Ijumaa mbele ya majirani. Huenda ufunguo huu ukarudi, na ninaomba urudi, kwenye alama yake kwenye kanzu ile.

Namsikia. Kandambili zake za mti zinagonga sakafu ya sebuleni, kwata, kwata, kisha zimesimama. Ameviona. Anasema nao mmoja mmoja, simsikii maneno. Baba yuko nyuma yake na mzigo, anakohoa, anasema, "Mama, twende tukawahi," naye anajibu, "Ngoja nimuulize mwenye funguo, nani kawatundika vizuri hivi? Isije ikawa ni mimi, nimesahau."

Kandambili zinakuja huku.

Mkono wangu umekwisha kwenda kwenye jalada kwa mazoea. Nimeuondoa. Neno la kwanza ni "Bibi". La pili ni "hukusahau". Nimeyasema mara mbili kwa sauti ndogo, kwa lugha yetu, na yametoka.

Ukurasa uko wazi. Mlango unasukumwa.